Dakika 15 Baada ya Sindano

Kwa miaka mingi, mtu aliyefikishwa hospitali akiwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo alipewa kila huduma isipokuwa dawa ya kumtuliza. Alipimwa mapigo ya moyo, akatolewa damu, akawekewa dripu. Akiomba sindano ya maumivu, aliambiwa avumilie mpaka daktari mpasuaji aje amwone. Mpasuaji akiwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine, kusubiri huko kungeweza kuwa kwa saa tatu nzima, na zote ni za kuuma meno. Si kwamba wauguzi hawakuwa na huruma. Kanuni ndiyo iliyosema hivyo: ukilituliza tumbo kabla hujajua lina nini, umemnyamazisha shahidi uliyekuwa unamtegemea.

Leo kanuni hiyo imeanguka. Haikuangushwa na maandamano wala na hotuba za haki za wagonjwa. Iliangushwa na watafiti wachache wa idara za dharura waliokaa wakajiuliza: hivi tutapimaje jambo hili bila kujidanganya? Namna walivyolijibu swali hilo ni ufundi, na ufundi huo unastahili kutazamwa polepole, kama watu wanavyotazama mlango wa Lamu ukichongwa.

Tuanze kwa kuitendea haki kanuni yenyewe. Mwaka 1921 Zachary Cope, daktari mpasuaji wa hospitali ya St Mary's, London, alichapisha kitabu kuhusu namna ya kutambua mapema magonjwa ya ghafla ya tumbo. Kitabu hicho kilifundisha vizazi vya madaktari, na kiliendelea kutoka katika matoleo mapya hata baada ya mwandishi wake kufariki. Cope alilipenda somo lake kiasi kwamba mwaka 1947 alilitungia mashairi, akitumia jina la Zeta, ili wanafunzi walishike kwa ghibu. Naye alionya: morfini isitolewe kabla ugonjwa haujajulikana.

Hakuwa mjinga wala mkatili. Mwaka 1921 hakukuwa na altrasaundi. Mashine ya CT ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971, nusu karne baadaye. Daktari wa zama za Cope alikuwa na masikio ya kusikiliza maelezo, macho, na mkono.

Na mkono huo ulikuwa na elimu yake. Daktari anausugua kwanza upate joto, maana mkono wa baridi hulikaza tumbo hata lisilo na ugonjwa. Anaanzia mbali na pale panapouma, akisogea taratibu. Anabonyeza kwa bapa la vidole, si kwa ncha, na macho yake yako usoni kwa mgonjwa wala si tumboni. Anatafuta mahali ambapo misuli inakazana yenyewe, mgonjwa apende asipende. Kidole tumbo kinapovimba, kwa kawaida maumivu huanza katikati, karibu na kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia. Yakishafika huko, kukohoa tu kunatosha kumkunja mtu uso. Daktari anayeyasoma hayo mapema humpeleka mgonjwa kwenye kisu kwa wakati. Anayeyakosa hukuta kidole tumbo kimepasuka na usaha umeenea. Kwa hiyo aliyeogopa morfini aliogopa kuzika mtu ambaye angeweza kupona.

Hofu hiyo ilikuwa na mantiki, na hapo ndipo kosa lilipojificha. Mantiki iliposikika vizuri, watu waliichukua kuwa ushahidi. Mwanafunzi alifundishwa na daktari bingwa, naye akawa bingwa akafundisha wanafunzi wake, na kwa miongo mingi hakuna aliyechukua wagonjwa wa kutosha, akawagawa kwa haki, akahesabu makosa ya kila upande.

Majaribio yalianza kutoka miaka ya 1980. Mwaka 1992 jarida la BMJ lilichapisha jaribio la Uingereza la wagonjwa 100 wenye maumivu makali ya tumbo. Nusu walichomwa dawa ya jamii ya afyuni, jamii ambamo morfini imo, nusu maji ya chumvi, na hakuna aliyejua nani kapata nini. Waliopata dawa walipata nafuu kubwa. Makosa ya utambuzi hayakuongezeka kwao, bali yalikuwa machache kuliko kwa wale wa maji ya chumvi. Ukifikiri, si ajabu: mtu aliyetulia huweza kueleza maumivu yalianza lini na wapi, na huuacha mkono wa daktari ufike pale panapouma.

Hata hivyo msomaji mwenye shaka alibaki na maswali. Daktari aliyemgusa mgonjwa kabla ya sindano, akamgusa tena baada yake, je, ile mara ya pili anachunguza au anakumbuka? Neno “kosa” lina maana gani, na nani analihukumu? Na ugonjwa wa kweli tunaujuaje, ili tuseme daktari alipatia au alikosea?

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika habari hii lilifanyika Bronx, New York, katika hospitali ya Montefiore, likachapishwa mwaka 2006. Liliongozwa na John Gallagher, daktari wa dharura, akiwa na wenzake, miongoni mwao mtaalamu wa epidemiolojia Polly Bijur. Ukilisoma harakaharaka utaona jedwali na asilimia. Ukilisoma kwa utulivu utaona kwamba kila shaka niliyoitaja imewekewa kizuizi chake.

Watu 160 walikubali kushiriki. Kwa bahati nasibu, wengine walipangiwa morfini ya mshipani, miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60. Wengine walipangiwa maji yasiyo na dawa. Morfini ya sindano haina rangi, na maji ya chumvi hayana rangi, kwa hiyo bomba moja la sindano halikumwambia mtu chochote kuhusu jingine.

Kisha likaja lile ninaloliona kuwa kiini cha ufundi wao. Daktari mwandamizi aliyepaswa kutaja ugonjwa alimchunguza mgonjwa mara moja tu, dakika 15 baada ya sindano. Hakumgusa kabla. Hakuwa na picha ya tumbo lile likiwa kali, ya kujazia mapengo. Kama morfini inaficha ugonjwa, hapa ndipo ilipopewa nafasi nzuri kuliko zote ya kuuficha: dawa iko kwenye damu, imeanza kazi, na daktari anakutana na tumbo lililokwisha kutulizwa. Watafiti hawa hawakulitafutia jibu walilolitaka njia ya mteremko. Waliipa nguvu zote hoja ya upande wa pili, halafu wakaiacha ipigane.

Daktari aliandika ugonjwa anaoudhani, na karatasi ikahifadhiwa. Lakini ugonjwa wa kweli ni upi? Siku ileile mtu anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani akiambiwa ni gesi, baada ya siku mbili akarudi na kidole tumbo kilichopasuka. Kwa hiyo watafiti walisubiri. Utambuzi wa mwisho ulichukuliwa baada ya kumfuatilia kila mgonjwa kwa wiki 6 au zaidi. Anayejua kazi ya kumtafuta mgonjwa aliyekwisha ondoka, ambaye pengine hana hamu tena ya kuzungumza na hospitali, atajua kwamba wiki hizo 6 ni jasho.

Ikabaki kuamua kosa ni nini. Si kila tofauti kati ya karatasi ya kwanza na utambuzi wa mwisho ina uzito. Chukua mfano: daktari akiandika kwamba tumbo limechafuliwa na chakula, kumbe ni virusi, mgonjwa hadhuriki, maana matibabu ni yaleyale. Lakini akiandika jiwe la figo kumbe ni kidole tumbo, hapo kuna hatari ya kifo. Kabla hawajaona matokeo, watafiti waliandika kwamba watahesabu tofauti zile tu zinazoweza kumdhuru mgonjwa. Uamuzi wakawapa watu wawili, kila mmoja akihukumu peke yake, wote wawili bila kujua nani alipata morfini. Kuweka mpaka kabla mchezo haujaanza ni nidhamu kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu akishayaona matokeo, hata mtafiti mwaminifu huanza kuusogeza mpaka bila yeye mwenyewe kujijua.

Wagonjwa 153 walifika mwisho wa hesabu: 78 wa morfini na 75 wa maji. Makosa yenye uzito yalikuwa 11 upande huu na 11 upande ule. Usahihi ulikuwa asilimia 86 kwa waliotulizwa na asilimia 85 kwa wasiotulizwa. Morfini haikumficha shahidi yeyote.

Hawakuishia kwenye tambo. Waliandika wazi kwamba tofauti hiyo ya asilimia 1 imetoka kwa watu wachache, na kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya morfini kupunguza usahihi kwa asilimia 11 na kuuongeza kwa asilimia 12. Huo ni upana mkubwa. Jaribio moja, hata likiwa limeundwa vizuri namna gani, lina kikomo, na fundi mzuri hukitaja kikomo cha kazi yake kabla hajaulizwa. Kuupunguza upana huo ilikuwa kazi ya wengi. Boston walikuwa wameshajaribu na wagonjwa 74, matokeo yakachapishwa mwaka 2003, na usahihi haukutofautiana. Carlos Manterola wa Chile na wenzake wakayakusanya majaribio ya aina hii chini ya mtandao wa Cochrane. Katika toleo la mwaka 2011 walikuwa na majaribio 8 yenye jumla ya wagonjwa 922, na hitimisho lao ni kwamba dawa za jamii ya afyuni hazikuongeza makosa ya utambuzi wala ya uamuzi wa matibabu. Hata kile kitabu cha Cope kilibadilika: William Silen, mpasuaji wa Marekani aliyerithi kazi ya kukihariri, aliikataa kanuni ya zamani na kuilaumu kwa ukatili wake.

Mpaka hapa nimezungumzia utambuzi. Upande wa maumivu una ugumu wake, tena pengine mkubwa zaidi, kwa sababu adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Joto lina kipimajoto, na shinikizo la damu lina mashine yake. Maumivu yana mtu mmoja tu anayeyajua, naye ndiye anayeumwa.

Kifaa kilichotumika ni mstari ulionyooka wa milimita 100 kwenye karatasi. Mwisho wa kushoto maana yake hakuna maumivu, mwisho wa kulia ni maumivu makali kupita yote. Mgonjwa anaukata mstari kwa kalamu pale anapojiona yupo, mtafiti anachukua rula na kusoma milimita. Ni kitu cha kuchekesha, ukizingatia uzito wa maamuzi yanayotegemea alama hiyo. Ndiyo maana mafundi hawa, kabla ya kuutumia mstari, waliupima mstari wenyewe.

Mwaka 2001 Bijur na wenzake walichapisha jaribio jepesi na zuri. Waliwaomba wagonjwa wa idara ya dharura wakate mstari, kisha wakate mwingine mpya dakika moja baadaye. Katika dakika moja maumivu hayana muda wa kubadilika, kwa hiyo tofauti yoyote kati ya alama mbili ni tetemeko la kifaa, si la ugonjwa. Katika kila jozi 10 za alama, 9 zilikaribiana kwa milimita 9 au pungufu. Yaani mtu aliyelala kwenye machela, ameumia, ana hofu, bado anaijua nafasi yake kwenye mstari ule.

Lakini milimita ngapi ndizo nafuu? Takwimu zinaweza kukuambia kwamba dawa fulani inashusha maumivu kwa milimita 4 na kwamba hilo halikutokea kwa bahati, wakati mgonjwa mwenyewe haoni tofauti yoyote. Knox Todd na wenzake walilishughulikia swali hilo katika utafiti uliotoka mwaka 1996, wakiwa na watu 48 walioumia. Kila baada ya dakika 20 kila mmoja alikata mstari, halafu akaulizwa kwa maneno: ukilinganisha na mara iliyopita, maumivu yamezidi, yamepungua, au ni yaleyale? Watafiti wakaangalia alama ilisogea kiasi gani kila mtu aliposema “yamepungua kidogo” au “yamezidi kidogo”. Jibu likawa milimita 13 kwa wastani. Chini ya hapo, daktari anaweza kufurahi peke yake.

Kwa kipimo hicho, rudi Bronx. Katika dakika 15, maumivu ya waliopata morfini yalishuka kwa milimita 33, na ya waliopata maji kwa milimita 2. Namba hizo sasa zina sauti ya mgonjwa ndani yake.

Todd huyohuyo alikuwa ameshawageuzia madaktari kipimo. Katika utafiti uliotoka mwaka 1993, akiwa Los Angeles, alipitia kumbukumbu za watu waliovunjika mifupa mirefu ya mikono na miguu, akakuta kwamba wagonjwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini walinyimwa dawa yoyote ya maumivu mara mbili ya Wazungu: asilimia 55 dhidi ya 26. Mwandishi wa gazeti angeishia hapo, akapiga kelele, na angekuwa na haki. Mtafiti akauliza hatua inayofuata. Je, madaktari wanashindwa kuyaona maumivu ya mtu wa kabila lingine? Utafiti uliofuata, wa mwaka 1994, uliwalinganisha madaktari na wagonjwa wao, kila mmoja akikadiria maumivu yaleyale. Makadirio ya madaktari hayakutofautiana kwa asili ya mgonjwa. Tatizo basi halikuwa la macho. Waliyaona maumivu, na mahali fulani kati ya kuona na kuandika dawa pakawa na upungufu. Ukijua tatizo halipo wapi, umeshapunguza nusu ya kazi ya kulitafuta.

Kuna jambo jingine linalonifanya niwaamini watu hawa: hawakuwa mawakala wa morfini. Miaka 11 baada ya jaribio la tumbo, Bronx hiyohiyo ilitoa jaribio lingine katika jarida la JAMA, safari hii likiongozwa na Andrew Chang. Marekani ilikuwa imezama katika janga la uraibu wa dawa za jamii ya afyuni, na swali lilikuwa limegeuka. Je, mtu aliyeteguka au kuvunjika mkono au mguu anazihitaji kweli? Watu 416 waligawiwa makundi 4. Matatu yalipewa vidonge vyenye dawa ya jamii ya afyuni vikichanganywa na paracetamol. La nne lilipewa ibuprofen miligramu 400 na paracetamol miligramu 1,000, dawa zinazouzwa katika duka lolote la dawa mtaani kwetu. Baada ya saa 2, maumivu yalikuwa yamepungua karibu sawa katika makundi yote. Na “sawa” waliipimaje? Kwa pointi 1.3 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, yaani zile milimita 13 za Todd, zilizotolewa kwa watu 48 walioulizwa kila dakika 20. Jaribio lilikuwa la saa 2 tu, halikusema lolote kuhusu usiku wa kwanza nyumbani, nao hawakujifanya limesema. Lakini kipimo kilichoitetea morfini kwa mgonjwa wa tumbo ndicho kilichoonyesha kwamba wagonjwa wa kifundo cha mguu wanaweza kutulizwa bila vidonge vya jamii yake. Rula haina upande.

Haya yote yana nafasi kwetu. Vitabu vya upasuaji vya Uingereza viliwafundisha madaktari wengi wa Afrika Mashariki, na kanuni ya kumnyima dawa mgonjwa wa tumbo ilisafiri pamoja navyo. Idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha mabingwa wa tiba ya dharura. Kabla ya hapo taaluma hiyo haikuwa na makao nchini Tanzania. Uganda ilikuwa imeonyesha mapema kwamba morfini inaweza kumfikia mtu wa kawaida: Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993 ikitumia morfini ya maji ya kunywa, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Katika tiba shufaa barani Afrika mgonjwa anaweza kuonyesha maumivu kwa vidole vya mkono, ngumi ikiwa ni sifuri na vidole vitano ni yasiyovumilika, na asiyezoea kushika kalamu akaeleweka.

Si kila kitu cha Bronx kinahamishika hivihivi. Pale, aliyetulizwa alibaki kwenye jengo lenye wapasuaji. Mgonjwa wa kituo cha afya cha kijijini huenda akatulizwa, akapakiwa kwenye gari la wagonjwa, akasafiri saa nyingi mpaka hospitali ya mkoa. Jaribio halikumpima mtu wa hali hiyo. Lakini ule ufundi unasafiri. Tabibu anayempa rufaa anaweza kuandika alichokigusa, wapi palikakamaa, saa ngapi, na dawa gani imetolewa kiasi gani. Akifanya hivyo, mpasuaji wa mkoani anapata maelezo ya tumbo kabla ya dawa na mgonjwa anayeweza kulala kwenye machela. Na swali lenyewe, la usahihi wa utambuzi baada ya safari ndefu, bado linamsubiri mtafiti wetu mwenye subira ya kuwafuatilia wagonjwa kwa wiki 6.

Bado zipo sababu halali za kuchelewesha morfini: pumzi ikiwa dhaifu, shinikizo la damu likiwa limeanguka, mgonjwa akiwa hajitambui vizuri. Daktari atazipima hizo kitandani. Ila anayemwambia mgonjwa avumilie kwanza ili ugonjwa usifichike anapaswa kuleta hoja mpya. Ile ya zamani ilipewa kila nafasi ya kushinda, daktari akakutana na tumbo lililokwisha kutulizwa, na makosa yakawa 11 kwa 11.